Nani Atafungua Kizimba Saa Sita?

Kasulu jua huchelewa. Saa ya Tanzania ni moja, kuanzia Bahari ya Hindi hadi Ziwa Tanganyika, lakini jua halina habari na hilo. Watu wa nyanda za juu za Kigoma huliona likichomoza karibu na saa moja, wakati huko Tanga limeshapanda. Mtumishi anayetakiwa kuripoti saa moja na nusu huondoka nyumbani umande ungali kwenye majani. Walimu, wauguzi, maofisa ugani, madereva na wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi hutoka kwa mkupuo mmoja, na mitaa hubaki na wazee, watoto wadogo, kuku na mbwa.

Mbwa wa huku ana ratiba inayojulikana: mchana bandani, usiku uani. Anafungwa kukipambazuka ili asing'ate wageni wala asile mayai ya jirani, na anafunguliwa giza likiingia alinde mbuzi na mlango. Kwa mbwa mzima, ratiba hiyo ina mantiki yake. Kizaazaa huanza anapoletwa kijibwa wa wiki tano, tumbo limevimba kwa minyoo, akatiwa kwenye ratiba ileile ya wakubwa.

Siku hizi kuna toleo jipya la ratiba hiyo. Vijana wa kazi wanaopanga chumba na sebule, Kasulu mjini au Kibondo, wameona kwenye simu zao mbwa wa Ulaya na Marekani wakiingia wenyewe kwenye kizimba na kulala kimya hadi mwenye nyumba arudi. Wanakwenda kwa fundi seremala, wanachongewa sanduku la mbao lenye mlango wa wavu, wanamtia kijibwa ndani na kuondoka. Jioni wanakuta kinyesi kimepakwa kila ubao, maji yamemwagika, kijibwa amelowa na sauti imemkauka. Hukumu hutolewa papo hapo: mbwa huyu mjinga.

Mjinga si mbwa. Kizimba kinafanya kazi, na kinafanya kazi vizuri, lakini kwa mtoto wa mbwa mwenye mtu wa kumfungulia katikati ya siku. Asipokuwapo mtu huyo, usimlaumu fundi wala mbao.

Hesabu yenyewe ni fupi. Wafunzaji wa mbwa hukadiria kwamba kijibwa anaweza kubana mkojo mchana kwa saa zinazolingana na umri wake kwa miezi, ukiongeza moja. Wa miezi miwili, saa tatu. Wa miezi mitatu, saa nne. Hapo ni mwisho wa uwezo, na wengi wa miezi miwili huzidiwa hata kabla ya saa mbili kwisha. Usiku hufika mbali zaidi kwa kuwa akilala mwili hutengeneza mkojo kidogo. Sasa iweke hesabu hiyo juu ya siku ya kazi. Kutoka saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni ni saa nane na nusu, bila safari. Anayefanya kazi kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, au Nduta wilayani Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipovuka mpaka, huongeza juu yake muda wa gari kwenda na kurudi. Hakuna kijibwa duniani mwenye kibofu cha ratiba hiyo.

Na madhara yake hayaishii kwenye kufua matambara. Kizimba kinategemea kitu kimoja ambacho mtoto wa mbwa anazaliwa nacho: hapendi kujichafua anapolala. Akiwa mchanga kabisa, mama yake humlamba na kumsafisha; miguu ikishika nguvu, karibu wiki ya tatu, huanza kujikokota mbali na malazi ili kujisaidia. Mfunzaji anaazima tabia hiyo. Anamwekea mahali padogo pa kulala, anamtoa kabla hajazidiwa, anampeleka palepale uani kila mara, na kijibwa anazoea kwamba haja ni ya nje. Ukimlazimisha kujichafua kitandani mwake siku baada ya siku, kinyaa hicho kinakufa, na wewe ndiye uliyekiua. Mbwa wa namna hiyo ni kazi ngumu kumfundisha usafi hata akiwa na mwaka.

Basi tuanze na sanduku. Fundi ataka vipimo, na wengi hukosea kwa ukarimu: wanajenga kubwa, eti ajinafasi. Kikiwa kikubwa, kijibwa atafanya pembe moja chumba cha kulala na pembe nyingine choo. Kinachotosha ni nafasi ya kusimama bila kugonga kichwa, kugeuka na kujinyoosha akilala. Kwa kuwa atakua, mwambie fundi akijenge kwa kipimo cha mbwa mzima, kisha aweke ubao wa kuchomoa katikati, unaosogezwa nyuma kadiri mwenyewe anavyorefuka. Kataa mbao zilizopakwa dawa ya mchwa au oili chafu. Huku mchwa ni adui wa kila nyumba, hivyo mafundi wengi hupaka bila kuuliza, na kijibwa anayeota meno atautafuna ubao huo kuanzia siku ya kwanza. Mianya ya wavu iwe midogo, kichwa kisipite wala taya lisinase. Na kabla ya kumfungia, mvue kamba ya shingoni. Kamba iliyonasa kwenye msumari humnyonga mbwa kimyakimya, wala hakuna atakayesikia.

Mahali pa kukiweka pana uzito kuliko ubora wa mbao. Chumba cha bati kisicho na dari huwaka adhuhuri hata Kibondo, ambako usiku wa Julai watu hulala na mablanketi mawili. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hutegemea zaidi kuhema. Kiweke kwenye kivuli chenye hewa, ukutani, upande mmoja ukiwa umefunikwa kwa kipande cha shuka.

Kuna wanaokiweka nje, barazani au chini ya mwembe. Nyumba nyingi za hapa hazimruhusu mbwa kuvuka kizingiti, kwa mila au kwa dini, na hilo ni la kuheshimiwa. Ila anayeweka kizimba nje akumbuke siafu. Mvua zikianza, Oktoba na Novemba, misafara yao hupita popote, na kila mfugaji wa kuku anajua asubuhi ya kukuta vifaranga wamebaki manyoya. Mbwa aliye huru hujitikisa akakimbia. Aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Siafu humwingia puani, masikioni na machoni. Wafuga nyuki wana dawa yao: hupaka grisi kwenye waya au nguzo zinazobeba mizinga ili sisimizi wasipande. Kizimba nacho kiinuliwe kwa miguu, na miguu ipakwe grisi chini kabisa, mahali ambapo ulimi wa kijibwa haufiki. Hata hivyo, nisingemwacha kijibwa wangu nje msimu wa mvua pasipo mtu wa kusikia kilio chake. Grisi ikishikwa na vumbi na majani, siafu hupita juu yake.

Mafunzo yenyewe yanahitaji mfuko wa dagaa. Watu hununua biskuti za mbwa kwa bei ya kuumiza, na huku dagaa wa Kigoma wapo kila gulio, wananuka kiasi cha kumwamsha kijibwa usingizini. Wachambue, uwaoshe mchanga na chumvi, uwakaushe tena, umkate kila mmoja vipande viwili. Siku ya kwanza mlango wa kizimba unafungwa kwa kamba ubaki wazi, usimguse mbwa. Dondosha kipande karibu na mlango, kingine kizingitini, kingine ndani. Ataingiza kichwa, atachukua, atarudi nyuma haraka. Mwache. Atarudi. Miguu ya mbele ikiingia, kisha ya nyuma, na mkia ukianza kuyumba badala ya kufyatwa, ndipo unamlisha mlo wake wote humo ndani. Baada ya hapo unasukuma mlango kwa sekunde chache akiwa anakula, unafungua kabla hajamaliza. Kesho yake dakika moja, umekaa pembeni. Kisha dakika tano. Kisha unatoka chumbani na kurudi, unatoka na kurudi, mpaka anaona kutoka kwako si jambo la maana.

Wenye haraka huruka hapo. Humfungia kwa saa nzima siku ya pili kwa kuwa jana alikula dagaa vizuri. Kijibwa naye hujifunza upesi sana; hujifunza kwamba dagaa ndani ya sanduku maana yake ni kuachwa.

Kwa anayedhani hizi ni anasa za Wazungu, atazame Morogoro. Kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wafunzaji ni Watanzania, na mbinu ni hiyohiyo: panya huzoeshwa mikono ya watu angali mdogo, husikia mlio mfupi kisha hupewa chakula, ndizi ikiwamo, hatua kwa hatua, kwa miezi. Hulala kwenye vizimba na husafirishwa kwa vizimba. Panya mmoja wa huko, Magawa, aliyezaliwa mwaka 2013 na kupelekwa Cambodia, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi ya kunusa mabomu. Kama panya anafundishika kwa ndizi na subira, mtoto wa mbwa ana udhuru gani? Au tuseme, mwenye mbwa.

Kigoma yenyewe ina ushahidi wake, japo wa mzunguko. Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 na kuubadilisha mtazamo wa dunia juu ya sokwe, alipenda kusema kwamba mwalimu wake wa kwanza wa tabia za wanyama hakuwa profesa yeyote bali mbwa wa utotoni mwake aliyeitwa Rusty.

Turudi kwenye kilio, maana hapo ndipo majirani wanapoingia. Kijibwa aliyefungiwa atalia, na kilio chake kina aina zake. Kuna cha kulalamika: analia, ananyamaza asikilize kama unakuja, analia tena. Huyo ukimkimbilia kila anapofungua mdomo, umemfundisha kupiga kelele. Subiri anyamaze kidogo, ndipo ufungue. Kuna cha haja, na kwa kawaida huja akiwa ametoka kuamka au amekula si muda mrefu. Huyo mtoe mara moja bila mjadala. Cha tatu ni cha hofu kuu. Hakina kituo. Mate yanachuruzika, kucha zinakatika kwenye mbao, anauma wavu mpaka fizi zinatoka damu. Hicho hakiishi kwa "mwache alie atazoea". Mbwa wa namna hiyo hafai kufungiwa kizimbani hata kidogo, na kumrudisha humo ni kumzidishia maradhi.

Mwenye mbwa aliyeko kazini hasikii kilio chochote kati ya hivyo. Anayesikia ni jirani. Katika nyumba za kupanga, salamu za jioni huishia hivi:

"Mwalimu, mtoto wako leo amelia mpaka adhana ya adhuhuri."

"Nisamehe sana mama. Kesho nitamwongezea maji."

"Maji si ndiyo yatamzidishia mkojo? Niachie ufunguo."

Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kuliko kizimba chenyewe. Mji ambao watu bado wanaachiana funguo una nafasi ambayo mwenye mbwa wa ghorofani huko Ulaya hulipia pesa nyingi kila wiki. Bibi anayekaa uani, kijana aliyemaliza kidato cha nne akisubiri majibu, binti wa jirani anayetoka shule mchana: yeyote kati yao anaweza kuja saa nne, saa sita na saa nane, akafungua, akamtoa hadi palepale pa kujisaidia, akacheza naye robo saa, akampa maji na kumrudisha. Mlipe. Si lazima iwe fedha nyingi, lakini iwe makubaliano, kwa sababu hisani ya bure hudumu wiki mbili kisha ikaanza kusahaulika. Na mfundishe jinsi ya kumshika, maana watoto wengi wa huku wamelelewa kumpiga mbwa mawe kwanza na kumfahamu baadaye.

Hiyo robo saa ya kuchezewa haipo kwa ajili ya huruma tu. Watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliochapisha matokeo yao mwaka 1965 baada ya miaka mingi ya kulea mbwa huko Bar Harbor, jimboni Maine, walionyesha kwamba kuna dirisha linalofunguka karibu wiki ya tatu na kufungwa katika mwezi wa tatu au kuuzidi kidogo. Ndani ya muda huo mtoto wa mbwa humzoea binadamu na mambo yake. Asiyeshikwa na watu katika dirisha hilo hukua akiwaogopa, na woga wa mbwa hutokea mdomoni. Sasa fikiria kijibwa anayetiwa kizimbani wiki ya tano na kukaa humo mchana kutwa hadi mwezi wa nne. Mwenyewe husifu: "Mkali kweli huyu." Ukali gani? Ni woga, na utamuuma mtoto wa nyumbani sawasawa na mwizi.

Huku kwetu jambo hilo linagusa uhai wa watu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote hupata maambukizi kutoka kwa mbwa. Tiba hakuna dalili zikishatokea. Kinga ipo, na chanjo ya mbwa 7 kati ya kila 10 hutosha kuukata mnyororo wa maambukizi. Kampeni za chanjo zikifika kijijini, wataalamu hukaa mahali pamoja, chini ya mti au kwenye ofisi ya kata, na wenye mbwa hutakiwa kuwaleta. Hapo ndipo utawaona watu waliokuja mikono mitupu. Mbwa wanao, ila hawashikiki. Aliyezoeshwa kizimba na mikono hubebwa kama mzigo wowote kwenye baiskeli, akachanjwa, akarudi nyumbani amelala. Chanjo ya kwanza hutolewa kwa kawaida akiwa na miezi mitatu, ingawa kwenye kampeni hata wadogo zaidi huchanjwa. Akikuuma mbwa usiyemjua, na hata unayemjua kama hakuchanjwa, osha kidonda kwa maji tiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kuna wanaopinga kizimba moja kwa moja, na hawakosi hoja. Sweden na Finland zina sheria zinazobana ufungiaji wa mbwa kwenye vizimba vidogo nyumbani. Huko kizimba ni cha safari na maonyesho. Kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo humtwika mwenye mnyama jukumu la kumtunza asiteseke. Msimamo wangu uko katikati. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Kumpa pango salama la sehemu ya usingizi huo, mbali na pikipiki za wapangaji na sumu ya panya, ni kumlinda. Kumfungia humo saa tisa ni kumtesa, hata sanduku likiwa la mninga. Mwenye nafasi uani afanye vyote viwili: uzio mdogo wa matete au wavu wa kuku, wenye kivuli na maji, na kizimba kikiwa ndani ya uzio, mlango wazi. Kijibwa ataingia kulala na kutoka kujisaidia bila kumsubiri mtu. Bado atahitaji mtu wa kumtazama, ila jirani akichelewa nusu saa hakuna kitakachoharibika.

Na asiye na jirani, wala uzio, wala ndugu nyumbani? Asichukue mtoto wa mbwa. Miji ya watumishi haikosi mbwa mzima anayetafuta mwenyeji: mwenyewe amehamishwa, au mkataba wa mradi umekwisha, na mbwa amebaki kwa mlinzi. Mbwa wa miaka miwili anabana mkojo, ana adabu zake tayari, na akifunguliwa uani mchana hulala kivulini bila kutafuna kiatu cha mtu.

Wakulima wao wana njia yao, na sijaona iliyo bora zaidi kwa mtu anayeondoka kwa siku nyingi. Mvua zikikaribia, familia nyingi huhamia mashamba ya mbali, hukaa vibandani wiki kadhaa kulima, kupanda maharage na mahindi, na kufukuza nyani na ngedere. Kijibwa haachwi. Anatiwa kwenye tenga la kuku lililotandikwa nyasi kavu, tenga linafungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli, na safari huanza mapema kabla ya joto. Wanaojua husimama njiani kila baada ya saa moja au mbili, wanamshusha akojoe, wanampa maji. Wakifika, tenga hilohilo linawekwa ndani ya kibanda, na usiku wa kwanza kijibwa hulala humo bila kulia, kwa kuwa nyasi zina harufu yake na watu anaowajua wako hatua mbili kutoka hapo. Mtumishi anayeitwa Dodoma kwenye semina ya siku tano anaweza kufanya vivyo hivyo kwa njia yake: kizimba, tambara lake lisilofuliwa, mfuko wa dagaa na kadi ya chanjo vyote vihamie kwa atakayebaki naye, siku mbili tatu kabla ya safari, ili mwenyeji mpya ajaribu kufungua na kufunga mlango huo mwenye mbwa akiwapo.